Ruth Benerito, mkemia aliyeipunguzia pamba mikunjo

Kanzu ya pamba iliyofuliwa na kuanikwa juani, iwe Fuma au Kismayo, haivaliki mbele za watu kabla ya kupigwa pasi. Kasoro hiyo iliipokonya pamba wanunuzi wengi katikati ya karne ya 20, nailoni na poliesta zilipoingia sokoni. Miongoni mwa waliotafuta tiba yake alikuwamo mwanamke wa New Orleans, kusini mwa Marekani.

Ruth Mary Rogan, aliyekuja kujulikana kwa jina la ndoa la Benerito, alizaliwa mjini humo Januari 12, 1916. Alijiunga na Chuo cha Newcomb akiwa na miaka 15 na kuhitimu kemia mwaka 1935, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Alifundisha huku akiendelea na masomo, na shahada ya uzamivu aliipata Chicago mwaka 1948. Mwaka 1953 aliajiriwa katika maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani mjini New Orleans, ambako pia alitafiti mchanganyiko wa mafuta wa kuwalisha majeruhi kupitia mishipa.

Uzi wa pamba umejaa minyororo mirefu ya selulosi, iliyoshikamana kwa vifungo dhaifu vya hidrojeni. Maji huvilegeza vifungo hivyo, minyororo ikateleza, na nguo ikikauka mikunjo hubaki palepale. Benerito na wenzake walitumia molekuli fupi zinazojenga madaraja imara kati ya minyororo, ili kitambaa kirejee katika umbo lake. Ugumu ulikuwa katika kipimo. Madaraja yakiwa machache, mikunjo hurudi. Yakizidi, kitambaa hukakamaa na kuchanika upesi. Dawa, kichocheo na joto vilipaswa kupatanishwa, kazi ya miaka mingi isiyo na mbwembwe. Hata hivyo, baadhi ya dawa zilizoenea viwandani zilitoa fomaldehaidi, gesi inayowasha macho na ngozi.

Alistaafu wizarani mwaka 1986, akatunukiwa tuzo ya Lemelson-MIT mwaka 2002, na kufariki Oktoba 5, 2013 akiwa na umri wa miaka 97 na hataza 55. Wengi walimwita mvumbuzi wa nguo zisizohitaji pasi. Yeye aliikataa sifa hiyo, akishikilia kwamba wengine walimtangulia na kwamba mchango wake ulikuwa njia mpya ya kuitendea pamba.