Mwana wa Tajiri Aliyevua Ukubwa

Sisi watu wa pwani tukitajiwa Vita vya Msalaba, jina linalotujia mdomoni upesi ni la Salahuddin, na ni haki yetu. Lakini leo nataka kueleza habari za mtu wa upande wa pili, Mkristo, aliyeingia katika kambi ya mtoto wa nduguye Salahuddin bila ya upanga wala barua ya mfalme, akatoka salama. Jina lake ni Francis wa Assisi. Miujiza anayosifiwa nayo ni itikadi ya wenyewe, nami siigusi. Kilichonivuta kwake ni ile kazi ambayo dini yetu nayo inatudai kila siku, yaani kuvunja kibri cha nafsi.

Alizaliwa Assisi, mji wa Italia, mwaka wa 1181 au 1182. Babake, Pietro di Bernardone, alikuwa mfanyabiashara tajiri wa nguo. Kijana akakulia dukani, akapenda karamu, nyimbo na mavazi ya fahari, na fedha za mzee zikamtoka mkononi kama maji. Walakini alichokitaka hasa kilikuwa ukubwa. Zama hizo mtoto wa mwenye duka, awe na mali kiasi gani, hakuhesabiwa miongoni mwa masharifu wa nchi, na njia ya kupanda daraja ilikuwa farasi na silaha. Mwaka wa 1202 akaenda vitani Assisi ilipopigana na jirani yake Perugia. Wakashindwa, naye akakaa kifungoni kiasi cha mwaka mzima, akatoka mgonjwa. Hata hivyo hakukoma. Mwaka wa 1205 akajitayarishia silaha nzuri akashika njia ya kusini kutafuta vita vingine. Alifika Spoleto, mji usio mbali na kwao, akageuka akarudi. Wasimulizi wake husema aliota ndoto.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Akawakumbatia wakoma aliokuwa akiwakimbia. Akauza nguo za babake ili atengeneze kanisa bovu, na mzee akamshitaki mbele ya askofu. Hapo, mwaka wa 1206, Francis akarudisha fedha, kisha akavua kila alichovaa akamrudishia babake mbele ya watu. Askofu ndiye aliyemsitiri kwa joho lake.

Bila shaka wasomaji wamekwisha kumkumbuka Ibrahim bin Adham, aliyeacha ufalme wa Balkh akaenda kuishi kwa jasho lake. Wengi wa wasimulizi hupenda kukomea hapa, palipo na machozi. Mimi naona hapa ndipo shughuli inapoanza. Mtu aweza kuvua hariri akavaa sifa ya ufukara, na sifa hiyo ikawa tamu kwake kuliko hariri.

Wafuasi wakaanza kumjia. Mwaka wa 1209 akaenda Roma, na Papa Innocent wa Tatu akawakubalia mwendo wao. Katika mji wake watu waligawanyika makundi mawili, wakubwa na wadogo, naye akachagua jina la wale wa chini: Ndugu Wadogo. Hakuwa padri mpaka alipokufa. Katika miaka kumi tu watu wale wachache wakawa maelfu.

Mwaka wa 1219, yaani 616 Hijria, majeshi ya Msalaba yalikuwa yameuzingira mji wa Dimyati, kwenye mlango wa mto Nili. Sultani wa Misri alikuwa Al-Malik Al-Kamil. Francis alifika kambini kwa Wakristo wenziwe, kisha akavuka mpaka kwa Waislamu pamoja na nduguye mmoja, Illuminato. Hakuna asiyejua hatari ya kitendo hicho wakati damu inamwagika. Wanaomwandikia wanakiri kwamba kwa muda mrefu alikuwa akitamani kufa shahidi, na hapo nami nasita kidogo. Kijana aliyetaka jina kwa farasi na mkuki alikuwa sasa akilitafuta kwa kukatwa kichwa? Tamaa ya ukubwa ina kanzu nyingi.

Al-Kamil hakumkata kichwa. Alimsikiliza, akamkirimu, akamrudisha kambini kwake salama. Habari hiyo tunaipata kwa Jacques de Vitry, askofu wa Akka, aliyekuwapo Dimyati na kuandika muda si mrefu baadaye. Hadithi ya kwamba Francis alitaka kuingia motoni pamoja na maulamaa, ili ijulikane nani mkweli, imo katika kitabu cha Bonaventura kilichoandikwa zaidi ya miaka arobaini baadaye. Mimi siitii maanani. Basi yule aliyekwenda kutafuta ushahidi akarudi hai, bila hata ya kumbatiza Sultani. Ukimpima kwa mizani ya dunia, alirudi mikono mitupu.

Lakini tazama alichofanya baadaye. Januari mwaka wa 1220 ndugu zake watano waliuawa Marrakesh, baada ya kuhubiri kwa maneno makali dhidi ya Uislamu. Ndugu wengine wakawaona mashujaa, na habari zao zikaandikwa. Francis akakataza zisisomwe. Aliona kila mtu anajivunia mateso ambayo si yake. Na katika kanuni aliyoiandika mwaka wa 1221 akawaelekeza wanaokwenda kuishi kati ya Waislamu kwamba njia ya kwanza ni kutogombana wala kubishana, wawe chini ya kila kiumbe kwa ajili ya Mungu, na wasiufiche Ukristo wao. Kuhubiri kungoje mpaka waone Mungu ameridhia. Iko pia barua yake kwa watawala, akiwaomba kila jioni itolewe ishara ili watu wote wamshukuru Mungu. Baadhi ya watafiti husema hapo alikuwa amekumbuka adhana aliyoisikia Misri.

Aliporudi kwao alikuta fitina katika chama chake. Wengine walitaka majumba, wengine elimu na vyeo. Mwenye kuwahi kuketi katika kamati ya msikiti au ya chama cha maziko anajua mwanzilishi hufanya nini hapo: hukusanya watu wake. Francis, mwaka wa 1220, akajiuzulu. Akamweka Pietro Cattani mahali pake, kisha akaahidi kumtii. Pietro akafa mwaka uliofuata, akashika Elia, ambaye baadaye ndiye aliyesimamia ujenzi wa kanisa kubwa la mawe juu ya kaburi la fukara huyu.

Msidhani kwamba unyenyekevu wake ulikuwa ulaini. Inasimuliwa kwamba alikuta nyumba ya mawe imejengwa kwa ajili ya ndugu, akapanda juu akaanza kuitupa paa, mpaka alipoambiwa ni mali ya mji. Akashuka. Hapo nampenda zaidi: alikuwa na hasira za mwenye chake, na akajizuia kama asiye na chake. Na kumtii mtu uliyemlea mwenyewe, tena anapofanya usilolipenda, ni kazi kubwa kuliko kuvua nguo mbele ya askofu.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya maradhi. Macho yalimwuma karibu ya kutoona. Jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226 akafa Porziuncola, chini ya mji wake, akiwa na miaka arobaini na kitu. Karibu na kufa aliomba alazwe uchi juu ya ardhi tupu. Mkubwa wa ndugu wa pale alijua kwamba akipewa nguo atampa maskini wa kwanza kupita. Kwa hiyo akamletea kanzu na suruali, akamwambia kwamba ni za kuazima tu, si mali yake, na kwa amri hana ruhusa ya kumpa mtu. Francis akafurahi sana, akakubali kuvikwa.