Don Herbert, « Mr. Wizard » aliyepeleka sayansi jikoni kwa watoto wa Marekani

Watoto wa Marekani waliokua mbele ya televisheni katika miaka ya 1950 walimjua kwa jina moja tu: Mr. Wizard. Jina lake la kweli lilikuwa Don Herbert. Alifariki tarehe 12 mwezi wa sita 2007 nyumbani kwake Bell Canyon, katika jimbo la California, kutokana na kansa ya uboho wa mifupa. Alikuwa amebakiza mwezi mmoja tu kutimiza miaka 90.

Kwa Kiswahili jina hilo ni sawa na kusema Bwana Mchawi. Kwetu huku jina la namna hiyo lingefanya mzazi azime televisheni mara moja, na tunajua ni kwa nini. Lakini kazi yote ya mtu huyu ilikuwa kinyume kabisa cha uchawi: alionyesha jambo la kushangaza, kisha hakumwacha mtoto aende mpaka mtoto mwenyewe ameona sababu yake.

Herbert hakuwa mwanasayansi, na hakujifanya kuwa mmoja wao. Alizaliwa tarehe 10 mwezi wa saba 1917 huko Waconia, mji mdogo wa jimbo la Minnesota. Alisoma sayansi na Kiingereza katika chuo cha walimu cha La Crosse, Wisconsin, akamaliza mwaka 1940. Badala ya kwenda darasani alifuata michezo ya jukwaani, ambako kuna wakati alicheza pamoja na Nancy Davis, yule aliyekuja kuolewa na Ronald Reagan. Vita vya pili vya dunia vikamtoa huko. Mwaka 1942 aliingia jeshini kama askari wa kawaida, na mwishowe akawa rubani wa ndege kubwa ya mabomu aina ya B-24. Aliruka mara 56 kwenda kupiga huko Italia, Ujerumani na Yugoslavia, akarudi na medali na mwili mzima. Wengi wa marubani hao hawakurudi.

Baada ya vita alitafuta kazi ya redio Chicago. Televisheni ilikuwa bado kitu kipya, na hakuna aliyejua vizuri waonyeshe nini. Herbert alikuwa na ujuzi wa aina mbili ambao mpaka hapo haukuwa umekutana, ule wa mwalimu na ule wa mchezaji wa jukwaani. Tarehe 3 mwezi wa tatu 1951, kipindi cha Watch Mr. Wizard kilianza kwenye televisheni ya NBC.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Mtoto wa jirani anaingia nyumbani kwa Mr. Wizard na kumkuta anahangaika na kitu fulani. Kwa nusu saa wanafanya majaribio pamoja, kwa vyombo ambavyo kila mama anavyo: glasi, mshumaa, puto, chumvi, maji ya moto. Hakuvaa koti jeupe la maabara. Na mikono iliyoshika vitu mara nyingi ilikuwa ya mtoto, si yake. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo siri yote ya kipindi kile.

Tuchukue yai na chupa, jaribio ambalo watu wengi wanamkumbuka kwalo. Yai la kuchemsha lililomenywa halipiti kwenye mdomo wa chupa ya maziwa. Choma kipande cha karatasi, kitupe ndani ya chupa, kisha weka yai juu ya mdomo. Moto unazimika, na yai linazama ndani lenyewe. Mtoto anasema chupa imelivuta. Hapana: hewa ya ndani ilipashwa moto, sehemu yake ikatoka, iliyobaki ikapoa na kupungua nguvu, basi hewa ya nje ikalisukuma yai. (Anayefunga chupa tupu ya plastiki Bukavu na kushuka nayo hadi Uvira huikuta imebonyea. Ni hewa ileile, nzito zaidi huko chini.)

Kipindi kilikwenda hewani moja kwa moja, hivyo jaribio likikataa, nchi nzima inaona. Alifanya vipindi 547 kwa njia hiyo. Katikati ya miaka ya 1950 kulikuwa na vilabu vya Mr. Wizard vipatavyo 5.000, vyenye watoto zaidi ya 100.000. Urusi ilipotuma Sputnik angani mwaka 1957 na Marekani ikashtuka kwamba watoto wake wako nyuma katika sayansi, Herbert alikuwa tayari na miaka sita kwenye kazi hiyo.

Hata hivyo, mwaka 1965 NBC ilikifunga kipindi. Walikirudisha mwaka 1971, kisha wakakifunga tena baada ya muda mfupi. Herbert hakuacha. Alitengeneza filamu za shule na vipande vifupi vya sayansi vya televisheni, na mwaka 1983, akiwa na umri ambao wengi wamekwisha kustaafu, alianza upya na Mr. Wizard's World kwenye Nickelodeon, televisheni ya watoto.

Anayetazama vipindi hivyo leo anaweza kushangaa kidogo, kwani mzee hakuwa mtu wa kubembeleza. Mtoto akikosea aliambiwa amekosea, na akitaka kuruka hatua alirudishwa. Kuna wanaomcheka kwa hilo. Sisi tunaona alimheshimu mtoto kiasi cha kumwambia ukweli.

Vipindi vipya viliisha mwaka 1990, lakini vya zamani viliendelea kurudiwa kwa miaka kumi nyingine. Alipofariki, mmoja wa waliomkumbuka hadharani ni Bill Nye, aliyewafundisha sayansi watoto wa Marekani kwenye televisheni katika miaka ya 1990. Yeye mwenyewe alikua akimtazama Mr. Wizard.