Waller na mbwa wake Jimmy: Stori ya ramani ya umeme wa moyo

Ukienda hospitalini Kakamega ukilalamika kifua kinabana, huenda daktari akakubandika vibandiko vyenye nyaya kifuani, mikononi na miguuni. Hakuna kisu, hakuna sindano. Dakika chache tu, karatasi inatoka ikiwa na mistari ya milima na mabonde. Hicho ndicho kipimo cha ECG, na stori yake ina mwalimu mmoja wa London, gari-moshi la kuchezea la watoto na mbwa aliyeitwa Jimmy.

Augustus Waller alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka wa 1856. Babake alikuwa mwanasayansi wa neva mwenye jina kubwa. Mzee alifariki mwaka wa 1870, kijana akiwa na miaka 14 tu. Akahamia Scotland na mamake, akasomea udaktari Aberdeen na kuhitimu 1878. Baadaye alifundisha London katika chuo cha udaktari cha wanawake. Huko akampenda mwanafunzi wake, Alice Palmer, binti wa familia tajiri ya kutengeneza biskuti. Walioana 1885.

Wakati huo wanasayansi walishajua kwamba kila pigo la moyo hutoa umeme kidogo. Shida ni kuwa ili kuupima, walimpasua mnyama na kugusisha waya kwenye moyo wenyewe. Waller akajiuliza: mbona tusiupimie juu ya ngozi? Si mwili umejaa maji yenye chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme?

Mwaka wa 1887, katika Hospitali ya St Mary's, London, jibu likapatikana. Alitumia mrija mwembamba wa kioo wenye zebaki. Umeme ukibadilika, zebaki inacheza. Ili kunasa picha ya mchezo huo, aliweka bamba la kupigia picha juu ya gari-moshi la kuchezea lililosonga polepole. Basi umeme wa moyo wa binadamu ukarekodiwa kwa mara ya kwanza bila mtu kupasuliwa.

Hakuishia hapo. Alipima mikono, miguu na hata mdomo, viwili viwili, akagundua kwamba unachokiona kinategemea mahali unapopimia. Akachora umbo la mtu lenye mistari ya umeme unaotoka moyoni na kusambaa mwilini. Wazo la ramani ya umeme wa moyo juu ya mwili likazaliwa hapo.

Jimmy, mbwa wake wa aina ya bulldog, ndiye aliyekuwa staa wa maonyesho. Alisimama akiwa ametumbukiza miguu kwenye vyombo vya maji ya chumvi, ametulia tuli. Mwaka wa 1909 suala lake lilifika hadi Bunge la Uingereza, ati mbwa anateswa! Waziri akaeleza kuwa maji yale hayakuwa na tofauti na ya mtu anayekanyaga maji ufuoni.

Lakini Waller mwenyewe hakuuona uzito wa kazi yake. Hata mwaka wa 1911 bado aliamini kipimo hicho hakitatumika sana hospitalini. Mholanzi Willem Einthoven, aliyemtazama akikionyesha mjini Basel, Uswisi, mwaka wa 1889, aliona tofauti. Akaunda mashine makini zaidi na kuitumia kwa wagonjwa. Waller alikuja kubadili msimamo, na kufikia 1917 aliripoti kuhusu rekodi 2,000. Alifariki 1922. Miaka miwili baadaye, Einthoven akapewa Tuzo ya Nobel.

Sasa, ramani ile ina maana gani leo? Misuli ya moyo ikikosa damu ya kutosha, umeme wake hubadilika. Kwenye karatasi, mstari unaofuata wimbi kubwa huzama au kuinuka. Ila ECG ya kawaida ina vibandiko 10, na vya kifuani ni sita pekee, vingi vikiwa mbele na kushoto. Tatizo la upande wa nyuma wa moyo linaweza kupita bila kuonekana.

Fikiria ngoma za isukuti, zinazopigwa tatu pamoja. Ukisimama upande mmoja wa uwanja, ile ndogo inaweza kufifia na usijue. Zunguka uwanja mzima, utajua ni ipi na iko wapi. Ndiyo sababu watafiti hubandika hata vibandiko 80, kifuani na mgongoni, kisha kompyuta ikachora ramani ya rangi. Kazi hiyo bado iko zaidi kwa watafiti kuliko kwenye wodi za kawaida.

Kwa hivyo mzazi wako akisema kifua kinambana kila akipanda kilima na kutulia akipumzika, usikimbilie kumnunulia dawa ya gesi. Mpeleke akapimwe. Na ECG aliyofanyiwa akiwa amelala ikitoka safi huku maumivu yakiendelea, rudini kwa daktari mkaulize kuhusu vipimo vingine. Karatasi moja haioni moyo mzima, na Waller alishaligundua hilo zaidi ya miaka 130 iliyopita.