Buster Keaton: Mchekeshaji Asiyecheka

Katika wachekeshaji wa senema za zamani zisizokuwa na sauti, Charlie Chaplin ndiye anayejulikana zaidi huku kwetu. Lakini alikuwapo mwenziwe, Mmarekani, aliyewavunja watu mbavu na uso wake mwenyewe umekauka kama ubao. Huyo ni Joseph Frank Keaton, aliyeitwa Buster, na mimi ni miongoni mwa wanaosema kwamba alimpita Chaplin kwa ufundi.

Alizaliwa tarehe 4 Oktoba, mwaka wa 1895, huko Piqua, jimbo la Kansas. Wazazi wake walikuwa watu wa michezo ya jukwaani, wakihama mji hata mji. Buster alitiwa mchezoni angali mtoto mdogo sana. Baba yake akimrusha huku na huko kama furushi, na nguo yake ilishonewa kishikio mgongoni ili arushwe vizuri. Chama cha kulinda watoto mjini New York kilimwandama sana mzee huyo. Mtoto naye alijifunza mambo mawili: kuanguka bila kuumia, na kwamba yeye akicheka, watu hupunguza kucheka.

Mwaka wa 1917 mchezo huo wa familia ulivunjika kwa ulevi wa baba. Buster akaingia katika senema, na kufikia mwaka wa 1920 alikuwa na studio iliyoitwa kwa jina lake. Fedha zilikuwa za tajiri Joseph Schenck, lakini nahodha wa kazi alikuwa yeye. Hatari alizikabili mwenyewe. Katika Sherlock Jr., ya mwaka wa 1924, maji ya tangi la reli yalimbwaga chini akavunjika mfupa wa shingo, asijue mpaka daktari alipouona miaka mingi baadaye. Katika filamu ya mwaka wa 1928 ukuta mzima wa nyumba ulimwangukia, akasalimika kwa kuwa alisimama palipoangukia tundu la dirisha. Angalisogea hatua moja tu, habari yake ingaliishia hapo.

Msomaji wa Chaani, ambaye reli ya Changamwe si mbali naye, anajua garimoshi ni kitu gani. Basi kwa ajili ya The General, ya mwaka wa 1926, Keaton alichoma daraja na kuliangusha garimoshi la kweli mtoni. Leo filamu hiyo inahesabiwa miongoni mwa zilizo bora kabisa. Wakati ule haikurudisha gharama.

Hasara hiyo ndiyo iliyomponza. Mwaka wa 1928 Schenck alimshauri ajiunge na kampuni kubwa ya MGM. Chaplin alimwonya asiende, akaenda. Nahodha akageuzwa baharia: hadithi akapangiwa, maneno akaandikiwa, na mizaha yake ikakatwa. Yeye mwenyewe alikuja kuliona jambo hilo kuwa kosa kubwa kuliko yote maishani mwake. Ulevi uliomharibu baba ukamshika mwana. Mwaka wa 1932 mkewe alimwacha, na wanawe wawili wakabadilishwa jina la ukoo. Mwaka wa 1933 MGM wakamfukuza, na baadaye wakamrudisha kwa ujira mdogo, awatungie wengine mizaha.

Mwaka wa 1940 alimwoa Eleanor Norris, binti aliyemzidi kwa miaka zaidi ya ishirini, na ndoa hiyo ilidumu mpaka kufa kwake. Kisha ikaja televisheni. Kuanzia mwaka wa 1949 alikuwa na kipindi chake mjini Los Angeles, akirudia yale yale ya jukwaani: kuanguka, kujikwaa, kutazama bila kucheka. Watoto ambao hawakuwahi kuziona filamu zake wakamjua kwa matangazo ya biashara. Mwaka wa 1952 alitokea pamoja na Chaplin katika Limelight, na mwaka wa 1960 akapewa tuzo ya heshima ya Oscar.

Alifariki tarehe 1 Februari, mwaka wa 1966, kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 70. Alikuwa amekwisha kuigiza katika mchezo mmoja wa kuchekesha wa mambo ya Kirumi, akikimbia na uzee wake wote. Watu waliuona mwaka huo huo, mwenyewe amekwisha kuzikwa.