Kaggia: Mzaliwa wa Dagoretti aliyewasemea Bungeni wasio na ardhi

BILDAD Mwaganu Kaggia alipoaga dunia Machi 7, 2005, kati ya wale sita waliohukumiwa Kapenguria mwaka wa 1953 alibaki mmoja tu, Ramogi Achieng' Oneko, ambaye naye alifariki mwaka wa 2007. Wanafunzi wetu hulitaja jina la Kaggia katika orodha ya wafungwa hao, kisha wakasonga mbele. Lililosahaulika ni alichokifanya baada ya bendera kupandishwa, hasa kati ya 1964 na 1966, alipoketi Bungeni bila cheo chochote Serikalini na kusimama mara kwa mara kuuliza swali moja: je, aliyenyang'anywa ardhi na mkoloni anapaswa kuinunua tena?

Swali hilo lilimgharimu cheo, kiti cha ubunge na hatimaye uhuru wake. Hata hivyo, anayepita leo katika vichochoro vya Kawangware na Kibera atatambua kwamba mjadala huo haujafungwa.

Kaggia alizaliwa mwaka wa 1921 huko Dagoretti, eneo ambalo Kawangware imo ndani yake. Wakati huo Dagoretti ilikuwa sehemu ya hifadhi ya Wakikuyu pembezoni mwa Nairobi. Iliunganishwa na jiji wakati wa uhuru. Jamaa zake walikuwa watu wa Murang'a, na huko ndiko alikokulia na kusomea, katika shule ya misheni ya Kahuhia. Karo ilipokosekana, ndoto ya masomo ya juu ilikatika, akaajiriwa kuwa karani.

Vita Vikuu vya Pili vilimtoa nyumbani. Alijiunga na jeshi mwaka wa 1940, akafika Mashariki ya Kati na Uingereza. Kama askari wengi wa Kiafrika, alirudi akiwa ameyaona ya walimwengu, asiweze tena kumwogopa mzungu wala kuamini kuwa umaskini wa Mwafrika ulikuwa umeandikwa mbinguni. Alianza kwa kupinga mamlaka ya wamishonari, akaanzisha kundi la waumini lililojulikana kwa watu kama Dini ya Kaggia. Kisha akaingia katika vyama vya wafanyakazi jijini Nairobi pamoja na Fred Kubai, na baadaye katika kamati kuu ya siri iliyoongoza harakati za Mau Mau.

Usiku wa Oktoba 20, 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, alikamatwa. Aprili 1953 alihukumiwa kifungo cha miaka saba pamoja na Kenyatta, Kubai, Oneko, Paul Ngei na Kung'u Karumba. Miaka mingi ya kifungo hicho aliipitisha Lokitaung, katika jangwa la Turkana, na hakuachiliwa huru hadi mwaka wa 1961.

Alichokikuta nyumbani ndicho kilichouunda msimamo wake Bungeni. Wakati maelfu ya wanaume wa Murang'a walipokuwa kizuizini au msituni, serikali ya kikoloni ilikuwa imeharakisha mpango wa kuunganisha vishamba na kutoa hatimiliki. Asiyekuwepo na lake halipo. Waliobaki wakimtumikia mkoloni walipimiwa ardhi nzuri, na waliopigania uhuru wakarudi kukuta mipaka imekwisha kuchorwa na majina ya wengine yameandikwa katika daftari.

Mwaka wa 1963 watu wa Kandara walimchagua Kaggia kuwa mbunge wao. Kenyatta alimteua kuwa msaidizi katika Wizara ya Elimu, cheo kilicholingana na cha waziri msaidizi. Lakini Kaggia hakunyamaza. Serikali ilikuwa ikiendesha mpango wa kuwapa makao wananchi kwenye takriban ekari milioni moja zilizokuwa za walowezi. Mashamba hayo yalinunuliwa kwa fedha ambazo sehemu kubwa ilikuwa mikopo kutoka Uingereza, na kila mkulima aliyepewa kipande alitakiwa kulipa deni. Familia zipatazo 35,000 zilinufaika. Maskwota na waliopoteza mashamba yao wakati wa hali ya hatari waliachwa nje, maana hawakuwa na hata senti ya malipo ya kwanza.

Hoja ya Kaggia ilikuwa nyepesi kueleweka na nzito kujibiwa. Alishikilia kwamba ardhi iliyotwaliwa kwa nguvu haiwezi kuuziwa mwenyewe. Alitaka wasio na ardhi wapewe bure, na mashamba makubwa yaendeshwe kwa vyama vya ushirika badala ya kupita mikononi mwa matajiri wapya wa Kiafrika. Alitaka pia dhuluma za kuunganisha mashamba Murang'a zichunguzwe upya.

Serikali nayo ilikuwa na jibu lake. Iliamini kwamba kuvunja mashamba makubwa bila malipo kungeua kilimo cha mazao ya kuuzwa nje, kuwafukuza wenye mitaji na kuitia nchi changa hasara. Mwezi Mei 1964 Kenyatta alimwandikia Kaggia kumkumbusha kwamba aliye Serikalini hawezi kuipinga Serikali hadharani. Kaggia alishikilia kwamba alikuwa akitetea ahadi ambazo chama cha KANU kiliwapa wananchi. Kufikia katikati ya mwaka huo alikuwa nje ya Serikali.

Hapo ndipo kazi yake Bungeni ilipopata makali. Novemba 1964 chama cha upinzani cha KADU kilijivunja na wabunge wake wakajiunga na KANU. Bunge likabaki bila upinzani rasmi, na wa kuihoji Serikali wakawa wabunge wa chama tawala wasio na vyeo. Kaggia alikuwa miongoni mwa sauti zao kuu. Waraka wa Bunge nambari 10 wa 1965 ulitangaza ujamaa wa Kiafrika huku ukilinda umiliki wa mali binafsi, na kwa watu wa mrengo wake ujamaa wa namna hiyo ulikuwa jina tu.

Gharama ya msimamo huo ilikuwa wazi. Februari 1965 rafiki yao wa kisiasa, Pio Gama Pinto, aliuawa kwa risasi Nairobi. Aprili mwaka huo Kenyatta alifika Kandara na, mbele ya wapigakura wa Kaggia, akamlinganisha na wafungwa wenzao wa Kapenguria waliokwisha kujipatia mali. Alitaka kujua Kaggia amejifanyia nini. Kejeli hiyo ilikusudiwa kumwaibisha. Imebaki kuwa ushahidi bora wa unyofu wake, kwa sababu mtu aliyedai ardhi kwa ajili ya wengine hakuwa amejikatia yake.

Machi 1966, katika mkutano wa KANU wa Limuru, Kaggia alichaguliwa makamu wa rais wa chama kwa Mkoa wa Kati. Kura ikarudiwa, na James Gichuru akatangazwa mshindi. Kaggia aliondoka akajiunga na Jaramogi Oginga Odinga katika chama kipya cha KPU, akawa naibu wake. Katiba ilibadilishwa haraka ili kila mbunge aliyehama chama arudi kwa wapigakura. Katika uchaguzi huo mdogo wa Juni 1966, KPU ilipata viti tisa kati ya 29 vilivyogombewa. Kaggia aliangushwa Kandara na Taddeo Mwaura wa KANU.

Mwaka wa 1968 alitiwa jela kwa kosa la kuhutubia mkutano usio na kibali. Mwaka uliofuata alirejea KANU, na kuna waliomlaumu kwa hilo. Aliwahi kuongoza bodi ya Serikali iliyosimamia uuzaji wa pamba, lakini hakurudi tena Bungeni. Mwaka wa 1975 alichapisha tawasifu yake, na riziki yake katika miaka ya baadaye ilitokana na mashine ya kusaga mahindi huko Kandara.

Je, maneno aliyoyasema Bungeni yalipotea bure? Tazama Kawangware, karibu na alikozaliwa. Ardhi ya huko ina wenyewe, familia zenye hatimiliki, na wengi wa wanaoishi humo ni wapangaji katika vyumba vya mabati. Kibera ni kinyume chake. Mwaka wa 1918 mkoloni aliitenga kuwa makao ya wanajeshi wa Kinubi, zaidi ya ekari 4,000, bila kuwapa hati. Baada ya uhuru ikawa ardhi ya Serikali, na walio wengi wakawa wapangaji wa mabanda yaliyojengwa juu ya ardhi isiyo ya mpangaji wala ya mwenye banda. Ilichukua hadi mwaka wa 2017 kwa jamii ya Wanubi kupata hatimiliki, nayo ni ya ekari 288 tu.

Waliohamia mitaa hiyo walitoka pande zote za nchi, na si wote waliofukuzwa na ukosefu wa ardhi. Lakini wengi waliingia jijini kwa sababu mashambani hapakuwa na pa kusimama. Katiba ya 2010 iliagiza Bunge litunge sheria ya kuweka kipimo cha juu cha ardhi ambayo mtu mmoja anaweza kumiliki, jambo ambalo KPU ililitaka nusu karne nyuma.

Mbunge asiye na cheo hana wizara, hana bajeti, wala hana askari wa kumfungulia njia. Ana nafasi ya kusimama na kusema, na maneno yake kuandikwa katika kumbukumbu za Bunge. Kaggia aliitumia nafasi hiyo kwa chini ya miaka miwili, akashindwa kwa kura na kwa nguvu za dola. Swali lake lingali katika kumbukumbu hizo, na kila mwisho wa mwezi mpangaji wa Kawangware na wa Kibera huliuliza upya anapohesabu kodi.