Thomas Meagher na Waayalandi Wake

Thomas Francis Meagher alizaliwa Waterford, nchini Ayalandi, mwaka 1823, akasomeshwa na Mapadre Wajesuiti. Mwaka 1848 aliwaasi Waingereza, akahukumiwa kifo. Adhabu ikapunguzwa, akapelekwa uhamishoni Tasmania. Mwaka 1852 alitoroka, akafika New York.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, aliwakusanya wahamiaji wenzake, wengi wao waliokimbia njaa kuu ya kwao, ikaundwa Brigedi ya Kiayalandi upande wa Kaskazini. Kule Fredericksburg, tarehe 13 Desemba 1862, walipanda kilima kuuendea ukuta wa mawe, wamechomeka majani mabichi kofiani. Na nyuma ya ukuta ule, miongoni mwa askari wa Kusini, walikuwamo Waayalandi pia: ndugu kwa ndugu, mbali na makaburi ya baba zao! Katika watu 1,200 hivi, 545 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Meagher, aliyekuwa akiugua goti, hakufika nao mbele; watu wakamsema, nasi twaona walimwonea.

Alipokatazwa kuandikisha askari wapya alijiuzulu, Mei 1863. Tarehe 1 Julai 1867, akiwa kaimu gavana wa Montana, alianguka usiku kutoka melini katika mto Missouri. Maiti yake haikuonekana.