Shekhar Mehta na Joto la Injini

Mwaka huu mwalimu mlezi wa chama chetu alitutaka kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Wenzangu wengi wamekimbilia wanasiasa, na siwalaumu, maana hapa Bondo ukitupa jiwe litaangukia jina la mwanasiasa. Mimi nimemchagua dereva wa mbio za magari. Msinicheke kwanza, nipeni nafasi nieleze.

Sababu yangu ni pikapu. Baba mdogo ana Datsun kuukuu ambayo hubebea omena kutoka Usenge hadi Kisumu. Karo yangu hutoka ndani ya pikapu hiyo. Basi muhula wa pili ikaanza ugonjwa wa kuchemka. Ikitoka Bondo ni sawa, lakini ikishabeba mzigo na kufika upande wa Ndori, sindano ya joto inapanda, mvuke unatoka chini ya boneti, na sisi tunashuka kungoja ipoe. Fundi wa kwanza alibadilisha pampu ya maji. Wa pili aling'oa thamostati akaitupa, akisema hapa kwetu kuna joto na kitu hicho ni cha Wazungu wa baridi. Wa tatu alifungua hedi akaweka gasketi mpya. Pesa zikaisha, omena zikaharibika njiani mara mbili, karo yangu ikabaki nusu, na gari likaendelea kuchemka kama sufuria ya chai.

Jioni moja tumekaa kando ya hiyo pikapu, baba mdogo akaanza kunisimulia habari za Pasaka za utotoni mwake, jinsi walivyokuwa wakikusanyika kwenye redio kusikiliza matokeo ya Safari. Jina lililokuwa midomoni mwa kila mtu, alisema, ni Shekhar Mehta. Hapo ndipo nilipoanza kumtafuta mtu huyu kwenye vitabu na magazeti ya zamani, na haya ndiyo niliyoyapata.

Shekhar Mehta alizaliwa nchini Uganda mwaka 1945. Familia yake ilikuwa ya Wahindi wenye mashamba makubwa, watu wenye uwezo. Alianza mashindano ya magari mwaka 1966, akiwa kijana wa miaka 21, akiendesha BMW. Wakati huo Safari ilikuwa na umri wa miaka 13 tu. Ilianzishwa mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, nayo ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilikuja kuogopwa duniani kote. Gari lilitakiwa kukimbia kilomita elfu kadhaa kwa siku chache, usiku na mchana, katika barabara zilezile zinazotumiwa na mabasi, ng'ombe na akina mama wanaotoka sokoni. Pasaka ni majira ya mvua za masika. Ukiponea vumbi, matope yanakungoja mbele.

Mwaka 1971 kampuni ya Nissan ilileta Datsun 240Z. Jamani, hilo lilikuwa gari! Viti viwili tu, boneti ndefu kama mtumbwi wa Usenge, na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, yenye ujazo wa sentimita 2,393. Siku hizi 240Z huhesabiwa kati ya magari ya kale ya spoti yanayopendwa sana, na wenye nayo huyatunza kama mboni ya jicho. Edgar Herrmann alishinda Safari ya mwaka huo akiendesha 240Z, na Mehta akamaliza wa pili, naye katika 240Z. Kijana wa miaka 25 kumaliza wa pili katika Safari si mchezo.

Halafu dunia ikampindukia. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka nchini. Maelfu ya watu waliacha nyumba, maduka na mashamba. Familia ya Mehta ilikuwa miongoni mwao, na Shekhar akakimbilia Kenya. Hebu fikiria, ndugu msomaji. Mtu ana nchi, ana kwao, ana mali, halafu katika miezi mitatu anakuwa mgeni kwa jirani. Wengine wangekaa chini walie. Yeye alirudi kwenye usukani.

Pasaka ya 1973 ilimkuta kwenye mstari wa kuanzia, na msomaji wake wa ramani alikuwa Lofty Drews. Mwaka huo ulikuwa wa kwanza kwa mashindano ya ubingwa wa ralii wa dunia, na Safari ilikuwa mojawapo. Mwaka uliotangulia Hannu Mikkola wa Ufini alikuwa amekuwa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kuibeba Safari, kwa hiyo watu wa Afrika Mashariki walitaka kombe lirudi nyumbani. Baada ya siku zote hizo za vumbi na matope, Mehta na Harry Källström wa Uswidi, ambaye pia aliendesha Datsun, walimaliza wakiwa na alama sawasawa! Ilibidi kanuni ya kuvunja sare itumike, na kanuni hiyo ikampa Mehta ushindi. Miezi michache baada ya kufukuzwa alikozaliwa, mkimbizi akawa bingwa wa Safari.

Sasa nirudi kwenye jambo la joto, maana hapa ndipo maisha ya Mehta yalipokutana na pikapu ya baba mdogo.

Safari ni adui mkubwa wa rejeta. Injini ikichoma petroli, sehemu kubwa ya moto wake haigeuki kuwa mwendo. Sehemu nyingine hutoka kwa ekzosi, na nyingine lazima ibebwe na maji hadi kwenye rejeta, ambako upepo unapita kati ya mapezi membamba na kuupeleka joto nje. Gari likiwa kwenye matope, injini inalia kwa nguvu lakini gari lenyewe linatambaa. Joto ni jingi, upepo ni kidogo. Tena matope yanarukia mapezi, yanakauka, na rejeta inakuwa kama dirisha lililopigwa plasta. Maji yapo, pampu inazunguka, feni inazunguka, lakini upepo hauna pa kupita.

Katika injini ya 240Z hatari ilikuwa kubwa zaidi. Bloku yake ni ya chuma na hedi yake ni ya aluminiamu. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma inapopata moto, kwa hiyo injini ikichemka sana hedi hupinda, gasketi huungua, na safari imekwisha hapohapo. Silinda za nyuma nazo ziko mbali na pampu. Dereva anayekanyaga mafuta bila kutazama sindano hawezi kufika mbali.

Mehta alisifiwa kwa hilo hasa. Hakuwa dereva wa papara. Alijua wapi pa kukimbia na wapi pa kulihurumia gari, na mara nyingi wenzake walipokuwa wamesimama kando ya barabara, yeye alipita taratibu akaenda zake. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Mehta hakwenda pole, lakini alijua gharama ya kila kasi. Mwaka 1979 alishinda tena, safari hii akiwa na Mike Doughty katika Datsun 160J, na nyuma yake alikuwepo Mikkola yuleyule aliyeleta gari kubwa la Mercedes. Akashinda 1980. Akashinda 1981. Akashinda 1982. Mara nne mfululizo, na jumla mara tano! Mwaka 1981 alimaliza wa tano katika orodha ya madereva wa dunia nzima. Mkewe, Yvonne, naye alikuwa mtu wa ralii na mara nyingi alikaa kiti cha pembeni akimsomea njia.

Mwaka 1987 alipata ajali mbaya sana katika mashindano huko Misri, na huo ukawa mwisho wa udereva wake. Hata hivyo hakuuacha mchezo. Alifanya kazi katika FIA, shirikisho la dunia la mchezo wa magari, akaongoza tume yake ya ralii. Alifariki London mwezi wa Aprili 2006, akiwa na miaka 60. Wengi wetu tunaosoma jarida hili tulikuwa hatujazaliwa. Safari yenyewe ilitoka katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002 na kurudi mwaka 2021 kule Naivasha.

Baada ya kusoma haya yote nilirudi kwa baba mdogo. Sikujifanya fundi, mimi ni mtoto wa shule tu. Nilimwomba kwa heshima tulale chini tuitazame rejeta kutoka upande wa injini. Kwa mbele ilionekana safi, maana huoshwa kila Jumapili. Kwa nyuma, lo! Vumbi la miaka, mbegu za nyasi na udongo mwekundu vilikuwa vimeshikana kama kuta za nyumba ya udongo. Tuliilowesha usiku, asubuhi tukaiosha kwa maji ya mpira kutoka nyuma kwenda mbele, pole pole tusipinde mapezi. Maji yaliyotoka yalikuwa kama uji wa wimbi.

Kisha tukatazama kifuniko cha rejeta. Kumbe springi yake ilikuwa imelegea. Mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha kwamba maji huchemka mapema pale hewa inapokuwa nyepesi. Hapa Bondo tuko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kifuniko kizima hushikilia shinikizo ndani na kuyafanya maji yasichemke hadi zaidi ya nyuzi 110. Kifuniko kibovu kinaondoa hiyo akiba yote, na maji yanamwagika njiani bila mtu kujua. Tulinunua kipya. Tulinunua pia thamostati, tukaijaribu kwenye sufuria ya maji ya moto tukaiona ikifunguka, ndipo ikarudishwa mahali pake. Kuing'oa hakukuponya rejeta iliyoziba. Kulifanya tu injini ikawie kupata joto asubuhi na kunywa mafuta zaidi.

Onyo moja, ndugu zangu: msifungue kifuniko cha rejeta wakati injini ina moto. Alama kwenye mkono wangu wa kushoto ni ushahidi. Wala msimwage maji baridi kwenye injini iliyochemka, hedi inaweza kupasuka. Zimeni, ngojeni, kisha mwongeze maji polepole.

Wiki iliyofuata tulipakia omena Usenge alfajiri. Tulipokaribia Ndori baba mdogo aliacha kuongea. Macho yake yalikuwa kwenye sindano, na yangu pia. Ilipanda hadi katikati, ikakaa. Tukapita Ndori. Tukafika Kisian, tukaingia Kisumu, na sindano bado iko palepale. Aliporudi na pesa mkononi alinipa nusu ya karo iliyobaki, akaniambia yule Mhindi wa Uganda amenisomesha.

Mafundi wetu watatu hawakuwa wajinga. Kila mmoja alibadilisha kitu alichokizoea bila kuuliza joto linakwama wapi. Mehta alipoteza nchi, akauliza barabara iko wapi, akaendelea. Nami nimejifunza kuuliza kabla ya kubadilisha.

Hapa naitua kalamu yangu. Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.